Alichokiona Mwosha

Asubuhi ya siku ile nilikuwa barazani kwetu Ngamiani, nashona kofia ya Selemani. Alikuwa askari kanzu, polisi asiyevaa sare, ingawa mtaa mzima ulimjua kwa viatu vyake. Alikuwa ameshaniposa, tukingoja likizo yake tu. Mama alikuwa akinitania kwamba kofia ile nitaimaliza kichwa chenyewe kimeshaota mvi.

Chumba chetu cha uani alipanga Yohana, mkata mkonge aliyetokea mashamba ya Muheza. Majirani tuliwaambia ni Mchaga. Alikuwa Mkikuyu. Kenya Wakikuyu walikuwa vitani na Waingereza, na huku kwetu Wakikuyu walikuwa wakizolewa mashambani na kupitishwa mpakani Horohoro kwenda kizuizini. Mama alijua, nami nilijua. Selemani sikumwambia.

Adhuhuri upepo uligeuka. Zuhura, jirani yetu, alitoka kuanua nguo zake na zetu, akanipokeza kupitia uani.

"Funga mlango, shoga," akasema. "Leo si mvua hii."

Ndiyo mara ya mwisho kumwona hai.

Tufani ilipiga. Bati letu la mbele liliruka.

Yohana, aliyekuwa nasi ndani tangu Zuhura aniponipokeza nguo, aliuegemea mlango kwa mgongo, miguu ameikita sakafuni. Hakubanduka hapo hata mara moja. Mama alikuwa akisoma dua. Mimi nililia.

Ukuta wa kwa Zuhura ukaanguka.

Upepo ulipokatika, jioni haijafika, Yohana ndiye aliyeongoza kufukua. Zuhura tulimkuta chini ya kiambaza, amekwisha kufa. Mumewe, Makame, karani wa ghala, alifika baadaye akasema tangu asubuhi alikuwa kazini.

Mama alikuwa mwosha maiti, nami nilikuwa nikimmiminia maji. Tulipomsafisha Zuhura kinywa na pua, hatukukuta udongo hata chembe. Anayefukiwa yu hai huvuta vumbi. Wengine tuliowaosha kesho yake walijaa tope hadi kooni. Shingoni alikuwa na alama za vidole, na kidole kimoja kiliacha duara la pete.

Mama akaifunika shingo.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akasema.

"Lakini mama, aibu hii si yake."

Matangani nilimtazama Makame mkono. Pete yake ya akiki, ambayo hajapata kuivua, haikuwapo. Nikaenda kwa Selemani nikamweleza yote ya shingo na pete. Aliandika huku ameinama, nami nilijivunia mchumba wangu.

Siku iliyofuata lori lilisimama mlangoni kwetu. Mzungu mkubwa wa polisi aliteremka na askari wawili, akataka vipande, vile vitambulisho, vya wapangaji wote wa mtaa. Yohana hakuwa nacho, na matamshi yake yakamfichua. Mkikuyu aliyejifanya Mchaga, jirani wa mwanamke aliyenyongwa, hawakuuliza zaidi. Walimkuta juu ya ngazi anagongelea bati letu.

Kabla ya kupanda lori alimgeukia mama.

"Shikamoo, mama. Bawaba ya mlango imelegea. Msiiache hivyo."

Mama akaishika bawaba.

Nilimkuta Selemani nyuma ya kituo cha polisi.

"Alikuwa nasi tangu Zuhura yu hai mpaka ukuta unaanguka," nikamwambia. "Andika."

"Nikiandika, wataniuliza alikuwa kwenu kwa nini. Kumficha ni kosa. Mtafungwa, wewe na mama."

"Na pete?"

"Bwana mkubwa hataki pete. Ameshapata Mkikuyu wake."

"Andika, Selemani."

"Siandiki. Nakupenda, Mwanaidi."

Alisema kweli, na hadi leo ndilo linaloniuma. Yohana alivushwa Horohoro. Kama walimnyonga au alifia kizuizini, hakuna aliyetuambia. Makame alioa tena, akazeeka, akafa kitandani kwake. Posa niliivunja; Selemani alituma wazee mara mbili. Mara zote mbili niliwarudisha. Kofia yake ninayo kwenye kasha, imebaki upande mmoja haujashonwa.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yeye kwa kuandika nusu. Watu walionijua waliniona mwenye msimamo, nami niliwaacha wadhani hivyo. Lakini yule Mzungu alikuwa akikaa ofisini kila siku, mlango wazi, na mimi nina ulimi wangu mwenyewe. Kutoka kwetu hadi kituoni ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

Sikwenda.