Riba ya Maksai Wawili

Coleta hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Yeye na mumewe walipouza maksai wao wawili ili binti yao, Sharon, aingie chuo cha uuguzi mwaka unaofuata, alitoka Mwazye hadi Sumbawanga mjini akazunguka benki moja baada ya nyingine na swali moja tu mdomoni: "Ninyi mnatoa riba kiasi gani?"

Benki ya kwanza riba yake ilikuwa ya kuchekesha, na makato ya kila mwezi yangeila yote. Ya pili walimpa kiti na tabasamu, riba kiduchu. Kikoba cha kijijini kiligawa faida nono, lakini mweka hazina, Eustaki, alikuwa anaezeka nyumba kwa hela ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Benki ya tatu ndiyo ikamkamata: akaunti ya muda maalumu, unafungia hela mwaka mzima, riba inawazidi wote.

Atusaye, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa akimhudumia, akaanza kumweleza, "Sasa mama, ikitokea ukataka kuvunja kabla ya muda..."

"Wee, mwanangu, ishia hapo hapo!" Coleta akamkata. "Kwetu mtu akifunika ntumba, lile tuta la majani, hazungumzii kuifumua. Majani yanaoza humo chini ya udongo mpaka wakati wake. Ukifumua mapema, mbolea huna, na shamba huna. Lete kalamu."

Atusaye akacheka, akampa kalamu. Coleta akarudi nyumbani kifua mbele, akaitangaza riba yake kisimani, kanisani, hata msibani. Felisian, mumewe, akawa anamtania, "Mama Sharon, wewe walikosea kutokukupa uwaziri."

Bila maksai, Felisian alilima kwa jembe la mkono. Siku moja akiwa shambani akaliacha jembe, akashika kinena. Henia yake ya siku nyingi ilikuwa imevimba. Daktari mjini akasema apasuliwe, tena asichelewe. Hela nyingine hawakuwa nayo.

"Baba Sharon, twende tukawaombe wale wa benki," Coleta akasema.

"Tufumue ntumba sasa? Tukose vyote, mtoto akae nyumbani? Henia hii nimekaa nayo miaka. Subira yavuta heri."

Tusidanganyane: Coleta aliihofia afya ya mumewe, lakini pia aliwaogopa wale wote aliowatambia. Angewaambia nini? Akaacha mambo yaende hivyo.

Wakati wa mavuno, Felisian alijitwisha gunia la mahindi, akaanguka nalo. Pikipiki ilimfikisha hospitali akiwa bado anaongea. Walipompasua, utumbo ulikuwa umeshaoza. Jamani, mtu mzima yule, mcheshi yule, wakamzika Jumamosi.

Muda wa akaunti ulipotimia, Coleta alikwenda mjini na Sharon. Alimwacha nje, akaingia peke yake na nguo zake nyeusi.

"Shikamoo mama. Pole sana," Atusaye akasema, akamhesabia hela zake. "Na riba yako hii hapa, imetimia."

Coleta hakuzigusa. "Hivi mwanangu, ningekuja kabla ya muda, zote zingepotea?"

"Hapana, mama! Ungekosa riba tu. Hela yako yote ungepewa."

Coleta akaomba ile riba itengwe pembeni aione. Haikufika bei ya jeneza.

Alipotoka, Sharon alisimama haraka.

"Mama, umewauliza? Kama tungeweza kuzitoa mapema, kwa ajili ya baba?"

"Nimewauliza."

"Wamesemaje?"

Coleta alifunga riba kwenye pindo la khanga, akakaza fundo kwa meno.

"Wamesema isingewezekana."