Kibao Cheupe cha Ukutani

Kazini walimwita Mama Vibao, na hakuwa mtu wa mchezo. Kazi yake ilikuwa ubao mmoja uliopigiliwa kwenye mlango wa nahodha, ndani ya boti ya wazamiaji. Kila mzamiaji ana kibao chake chenye namba. Akiingia majini anakigeuza upande mwekundu, akipanda anakirudisha upande mweupe, kwa mkono wake mwenyewe. Boti haiondoki kikibaki chekundu hata kimoja. Wageni wametapika, wamelia, wamemwomba awageuzie. Wapi! Anawanyooshea kidole ubao ulipo. Mabaharia walimtania kwamba hata mtoa roho akija kumchukua, ataambiwa ageuze kwanza.

Sababu ya ukali huo kila mtu alidhani anaijua. Mumewe, kiongozi wa wazamiaji aliyelijua kila jabali kukizunguka kisiwa chao, alipotelea sehemu iitwayo Ukutani, miaka kumi na miwili nyuma. Kibao chake kilikutwa cheupe. Basi watu wakasema alipanda, akageuza, halafu akarudi majini kimyakimya kufuata kitu alichosahau, na boti ikaenda zake. Uzembe wake mwenyewe. Hata binti yao alikua akiamini hivyo, na baba akitajwa, alibenua mdomo na kusema alijitakia.

Mama alisikia, akanyamaza. Jamani, kunyamaza nako ni kazi.

Siku binti alipoongoza wazamiaji kwa mara ya kwanza, maji ya sehemu nyingine za kuzamia, Bustanini na Meli Iliyolala, yalikuwa yamechafuka, kwa hiyo nahodha akawapeleka Ukutani. Dakika arobaini nzima mama hakukaa. Roho mkononi, macho kwenye mapovu. Binti akapanda wa mwisho, hoi, akajibwaga sakafuni na mtungi wake wa hewa mgongoni.

"Mama, nigeuzie changu."

"Inuka ugeuze."

"Si unaniona niko hapa?"

Alimwona, ndiyo. Na siku ile mumewe alipopotea pia aliona. Aliona nguo ya bluu ya mumewe ya kuzamia, mgongo umemwelekea, katikati ya wageni waliokuwa wakijifuta. Akamgeuzia kibao, kwa mapenzi tu, maana yule bwana alikuwa msahaulifu kupindukia. Hakujua kwamba asubuhi mumewe alimwazima nguo hiyo mgeni mmoja aliyelalamika baridi, yeye akavaa nyeusi kuukuu.

Mama alichuchumaa mbele ya binti yake. Aliogopa kumpoteza na huyu, lakini alikuwa amechoka kusikia marehemu akisingiziwa.

"Cha baba yako nilikigeuza mimi."

Binti alimkodolea macho, maji yakimchuruzika usoni.

"Kwa hiyo hakurudi majini?"

"Hakutoka, mwanangu."

Nahodha akachungulia, akauliza kama wako tayari kuondoka. Binti aliinuka na mtungi wake mgongoni, akaenda ubaoni, akasimama mbele ya kibao chake chekundu bila kukigusa.