Shada la Maua Mlangoni na Mimi Niko Hai

Nilitoka hospitali baridi ikiwa inaisha. Mapafu yalikuwa yamejaa maji, na kuna siku binti yangu, ambaye ni nesi na hatishwi na ugonjwa wa mtu, alinishika mkono akaomba mpaka sauti ikakatika. Lakini sikufa. Naandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, muone.

Binti akanipeleka kwake, huku Marekani, upande wa Landover. Miti yote ya mtaa ilikuwa imechanua, nami nilifurahi, sitadanganya. Nikashuka kwenye gari. Mlangoni limening'inia shada: mviringo kabisa, maua meupe na manjano ya plastiki, na utepe wa zambarau.

"Hilo ni la nini?"

"Ni la springi, Mum. Baridi imeisha. Kila mtu anaweka, ona kwa jirani."

Nikaona. Mlango kwa mlango, shada kwa shada, kama mtaa mzima umefiwa.

"Litoe."

"Nimeliweka kukukaribisha!"

"Kwetu shada linawekwa juu ya kaburi. La baba yako niliweka mimi, na wewe ulikuwa umesimama hapo. Leo unaniwekea mimi, na bado napumua?"

"Mum, hapa si kule. Na kuna kamati ya mtaa inapita kuangalia nyumba zilizopambwa. Unataka yetu ibaki uchi?"

Sikuwa na pumzi ya kugombana nje. Niliingia, lakini sikukubali. Hayo ni mambo mawili.

Binti yangu alikuwa amezima simu yangu ili watu wasinichoshe. Kwa hiyo rafiki yangu wa kikundi cha maombi, mama Mkongo kutoka Bukavu, alinipigia wee, kimya. Jumamosi akaja mwenyewe na sufuria ya sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo. Mimi niko jikoni nakunywa uji, nikasikia mtu analia nje ya mlango.

"Mama weee! Ulienda bila kuniaga! Juu ya nini hawakuniita?"

Nikafungua, kijiko mkononi. Alirudi nyuma hadi kwenye nyasi.

"Yesu! Iko muzima! Huyu mama iko muzima!"

"Niko mzima. Usimwage sombe."

"Lakini shada..."

"Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa ameshateremka ngazi mbio. Majirani wawili wametoka kuangalia. Rafiki yangu akakaa kwenye kizingiti, machozi bado yanatiririka, akasema, "Na mimi nilishaanza kuwaza nitavaa kitenge gani kwa kilio."

Nikalishika lile shada nikaling'oa.

"Mum! Kamati itasema nini?"

"Iseme. Mimi ndiye nimeliliwa, si kamati."

Kwetu mgeni akija, au bibi harusi akiletwa, tunamsimamishia geti la matawi: migomba huku na huku, maua juu, apite katikati. Migomba hapa hakuna. Lakini kando ya ua kuna kile kichaka kinachotoa maua ya manjano kabla ya majani. Nikamwambia rafiki yangu akate, mimi nikakaa kwenye kiti nikielekeza. Tulichana kitenge kikuukuu tukafungia matawi kwenye nguzo mbili za mlango, tukayakunja yakakutana juu. Kazi ilinichosha, nilikohoa sana. Binti yangu alisimama pale na shada mikononi.

Mwishoni akauliza, "Hili niliweke wapi?"

"Stoo. Siku yangu ikifika utalitoa. Umeshanunua."

Hakucheka. Mkongo alicheka mpaka akashika nguzo.

Kisha nikatoka ndani, nikapita chini ya matawi, nikarudi, nikapita tena. Majirani walinitazama. Niliwatazama pia.

Maua yale hayadumu. Wiki iliyofuata yalikuwa yamepukutika, nikabakiwa na vijiti, na nilijua binti yangu anaviona. Nilingoja anitajie shada, jibu langu lilikuwa tayari. Asubuhi moja akarudi kutoka zamu ya usiku, bado amevaa nguo za kazi, akafungua buti ya gari. Ndani mlikuwa na matawi yenye maua ya rangi ya waridi, mabichi, yanadondosha maji.

Sikumuuliza ameyakata kwa nani. Alipanda kiti akaanza kuyafunga kwenye nguzo.

"Fundo lako limelegea," nikamwambia. "Funga kama unafungia mtu aliye hai."

Akalifungua, akafunga upya.