Piano Iliyokanyagwa Kama Breki

Mwaka jana nilikaa mbele ya piano halisi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaaibika. Ilikuwa katika ukumbi wa shule moja Mbeya, nilikompeleka binti yangu kwenye mashindano ya kwaya. Nilimwomba mwalimu wa muziki wa pale aniruhusu niijaribu. Sikumaliza hata ubeti mmoja, akaangua kicheko. "Dada, mbona mguu wako unakwenda kinyume? Pa kukanyaga unaachia, pa kuachia unakanyaga!" Nami nikacheka, kisha machozi yakanilenga, maana mguu ule ulifundishwa Tunduma, na walioufundisha karibu wote hawapo.

Nilikuwa darasa la sita kinanda cha kanisa kilipovuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kimefungwa kwenye blanketi, kichwani mwa mama mmoja wa kwaya. Kilitumia mawe ya redio, na ndani yake mlikuwa na sauti chungu nzima: tarumbeta, filimbi, ngoma, hata milio ya ndege. Sauti ya kwanza kabisa iliitwa piano. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alikuwa karani wa kutoa mizigo forodhani, alinichagua nikipige. Alisema sina woga wa kubonyeza nisichokijua.

Jumapili ya kwanza watu walipiga vigelegele. Bibi yangu peke yake alitoka kanisani amekunja uso. "Hiyo siyo piano," alisema. "Imejiita tu."

Alikuwa na haki ya kusema. Usichana wake aliutumia kufanya kazi za ndani kwa wamisionari upande wa pili wa mpaka, na kila asubuhi alifuta vumbi la piano ya mama mwenye nyumba. Alifuta vibao vyake kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, kwa hiyo alizijua sauti zote ingawa hakuwahi kupiga wimbo hata mmoja. Mimi sikumjua mtu mwingine mjini pale aliyewahi kuisikia piano kwa karibu namna hiyo. Taabu ni kwamba masikio ya bibi yalikuwa yanafunga. La kushoto lilikuwa limeshakufa, na la kulia tulilipigia kelele. "Kama mnataka kujua, niulizeni sasa," alituambia. "Mkichelewa mtaniuliza mimi na ukuta, majibu yawe yale yale."

Basi nikaanza kukichokonoa kinanda, nikiitafuta sauti aliyoikumbuka bibi. Mwalimu aliniruhusu kukipeleka kinanda nyumbani kwa bibi kila nikitoka shule, na mara nyingi alikuja mwenyewe, kwa udadisi na kwa maharage ya bibi. Nyumba ile ilinukia karanga za kukaanga na moshi, na maharage yaliungwa kwa chumvi ya Ivuna ambayo bibi hakukubali kuibadilisha na nyingine yoyote. Nilizima ngoma zilizokuwa zikijipiga zenyewe. Nikapunguza mwangwi. Nikachanganya piano na sauti ya pili ili inenepe, bibi akatikisa kichwa: "Sasa ni kengele ya shule." Nikaitoa. Nilijifunza kugusa polepole, lakini kinanda hakikujali. Ukigusa kwa upole au kwa hasira, kilijibu vile vile. Hilo lilimuudhi bibi kuliko yote. "Hata mbuzi anajua aliyempiga na aliyempapasa," alisema.

Siku moja meza ililegea mguu, tukakiweka kinanda juu ya kasha la mbao alimotunzia mbegu, nalo wakati ule lilikuwa tupu. Nikabonyeza. Sauti ikashuka chini, ikawa nzito, ikatembea ndani ya mbao. Bibi aliweka kiganja juu ya kasha. "Tumbo limepatikana," alisema. "Sasa bado mguu. Yule mama alikuwa anakanyaga kitu."

Anakanyaga wakati gani? Hilo bibi hakulijua. Alikuwa ameona kiatu kikipanda na kushuka tu, naye ana ndoo mkononi.

Nyuma ya kinanda palikuwa na tundu lisilo na kazi. Tulimpelekea fundi redio wa jirani na maegesho ya malori. Alilitazama, akachukua swichi ya taa ya breki kutoka kwenye lori bovu, akaibana kati ya vipande viwili vya ubao na springi, akaunga waya. Tulipouchomeka waya ule kwenye tundu, kila sauti niliyoibonyeza ilibaki ikining'inia hewani, nyingine juu ya nyingine. Nikakanyaga ubao, zote zikakatika. Wala hatukushtuka. Katika mji ule kila mtoto alijua pedali ya breki ni ya kusimamisha. "Ndiyo yenyewe," alisema mwalimu wa kwaya. "Sauti ikikimbia, unaishika breki."

Nilifanya mazoezi wiki mbili. Kisha alasiri moja, malori yakiwa yamezima injini kwenye foleni, bibi aliinama akalaza sikio lake la kulia kwenye kasha. Nilibonyeza kibao kimoja, nikainua mguu. Sauti ikakaa, ikapungua, ikapungua tena. Mwalimu alitaka kusema neno, bibi akamnyooshea kidole. "Iacheni ife yenyewe."

Ilipokwisha alinyanyuka. "Eya mukwai," alisema polepole, ile ndiyo ya heshima ya Kibemba, kama alivyokuwa akimwitikia yule mama wa Kizungu. Akachukua ncha ya kanga yake, akafuta vibao vyote, kimoja kimoja, kutoka kushoto hadi kulia, huku anatabasamu. Sijawahi kujisikia mkubwa kama siku ile. Mvua zilipoanza, sikio lile nalo lilifunga.

Siku hizi kanisa lile lina spika ndefu kuliko mchungaji. Kasha lililiwa na mchwa, fundi redio alihama, na ubao wetu wa breki sijui uliishia jiko la nani. Bibi tulimzika kabla sijamaliza sekondari.

Mwalimu wa Mbeya alinielekeza pa kukanyaga, nikapatia mara moja. Lakini sauti ya piano ile ilinikata maini. Haikufanana na ya kwetu hata kidogo. Ilikuwa na vitu ndani yake ambavyo kasha la mbegu lisingevitoa hata kwa maombi. Ndipo nikajiuliza jambo ambalo nilikuwa sijaliuliza kwa miaka yote hiyo: siku ile bibi alisikia nini? Huenda sikio lilikuwa limeshafunga, akahisi tu mtetemo wa mbao shavuni, mengine akayakumbuka mwenyewe.

Nilitoa leso nikafuta vibao, kutoka kushoto hadi kulia, kila kimoja kikasema jina lake. Nilipofika mwisho, binti yangu aliuliza nafanya nini.

"Namsikiliza bibi," nikamwambia.