Shangazi Koleta Apelekwa Mawinguni

Julieth Lugembe huchora watu waliochoka, na Tabora haijawahi kumnyima watu wa kuchora. Anayemchora zaidi ni shangazi yake Koleta, aliyefunga tumbaku huko Kigwa mpaka vidole vikafanana na majani yenyewe.

Mwezi uliopita jumba moja la sanaa la Dar es Salaam lilimtaka atume picha ya mchoro wake mmoja kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa, iwekwe kwenye tovuti yao. Ikiwapendeza, itakaa ukurasa wa mbele. Kamera ya simu yake ina ukungu. Ijumaa asubuhi akafunga mchoro wa shangazi kwa kitenge, akaukimbiza studio kwa Fikiri, karibu na soko, akamwachia na anwani ya barua pepe.

"Piga vizuri, utume," alisema, akawahi stesheni kumpokea shangazi mwenyewe.

Fikiri hupiga picha za maharusi na marehemu. Maharusi huwang'arisha, marehemu huwang'arisha, kisha huwapeleka mawinguni. Kwa uzoefu wake, picha ya mzee ikiletwa mbio imefungwa kitenge ni ya kuwekwa mbele ya jeneza, na wafiwa hawaulizwi maswali.

Mchana Julieth aliingia na shangazi. Fikiri akawageuzia kompyuta.

"Pole na msiba, dada. Nimeshatuma."

Kwenye kioo alikuwepo mwanamke mwenye uso kama yai lililomenywa. Mikunjo hakuna, kovu la kidevuni hakuna. Jino lililong'oka lilikuwa limerudi, tena na jirani. Vidole vilikuwa vyeupe kama mihogo iliyolowekwa. Nyuma yake mawingu, na njiwa wawili waliotazama pembeni, pengine kwa aibu.



"Shikamoo mama," Fikiri alimwambia shangazi. "Wewe ndiye ndugu wa marehemu?"

"Marahaba. Marehemu ni mimi." Shangazi akasogea karibu na kioo. "Kumbe huko wanagawa meno."

"Nisamehe, mama. Lakini si umependeza?"

"Nani kapendeza? Huyu hajawahi kushika hata jani moja."

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Julieth. Jumba la sanaa limeipenda mno picha, linaiweka mbele, na linampa pole kwa msiba. Ukurasa alioutamani miaka yote alikuwa ameupata, kwa kazi ya Fikiri. Kinyaa kikamshika.

"Ile ya mwanzo iko wapi?"

"Nilifuta. Ilikuwa na makunyanzi mengi."

Wakautoa mchoro nje, wakauegemeza ukutani upande wa kivuli, Fikiri akapiga upya. Alipoifungua picha kwenye kompyuta, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kulainisha ngozi. Julieth akaukamata, akaushikilia huku akituma mwenyewe kwa mkono mwingine, na maelezo: ile ya kwanza si kazi yangu, na shangazi yangu hajafa.

Jibu halikukawia. Walishukuru kwa uwazi wake. Hii mpya ni nzito kidogo kwa ukurasa wa mbele. Itakaa wa tatu, chini.

"Ungewaachia ile," Fikiri alisema kwa huruma ya kweli. "Basi niibandike mimi dirishani, iwe sampuli."

"Futa."

Akafuta.

"Na kwenye pipa la takataka humo ndani."

Akalimwaga pipa. Shangazi alisimama nyuma ya kiti chake, akimtazama yule mwanamke mpaka alipotoweka.