Mwaka wa Machela

Mjukuu wangu anafundisha chuo kikuu huko mjini, na mimi nilisoma mpaka darasa la pili, halafu nikaongezea kisomo cha ngumbaru ukubwani. Kwa hiyo akija likizo na makaratasi yake namwachia meza yote, nakaa chini na ungo wangu nachambua maharage. Ila kunyamaza siwezi. Marehemu babu yake alikuwa akisema siku nikinyamaza watu waje wanipime joto.

Safari hii alikuja amenuna.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Uso umeusahau kwenye basi?"

Hakucheka. Alikunywa chai kidogo, akafungua makaratasi, akayafunga, ndipo akanieleza. Chuoni wamempa kazi ya kupanga mwaka wa kwanza. Wapo wanafunzi wanaosomea uhandisi, hawa wa madaraja na umeme na mitambo, na wapo wanaosomea kutengeneza programu za kompyuta. Miaka yote kila kundi lilianza kivyake. Sasa wakubwa wanataka mwaka wa kwanza wasome wote pamoja, ndipo wagawane. Walimu hawaelewani. Wa uhandisi wanasema bila hesabu zao na michoro yao mtoto ataharibika. Wa programu wanasema hizo hesabu zitawala muda wote. Wamekaa vikao mpaka wamechoka, mwisho wamepatana hivi: asubuhi ya hawa, mchana ya wale. Juma linalokuja apeleke ratiba ikapitishwe.

"Sasa hapo pamoja ni wapi?" nikamuuliza.

"Ndiyo inayoniuma, bibi. Pamoja ni jina tu."

Niliweka ungo chini. Kompyuta siijui, lakini ugomvi huo niliujua. Nilikuwa nao tangu enzi za Ujamaa, na wa kwetu ulikuwa na ukuta.

Mimi nilizaliwa mlimani, upande wa Kibimba. Kwetu Ngara watu walikaa hivyo, kila ukoo na mlima wake na migomba yake. Na kila mlima ulikuwa na machela yake ya kubebea wagonjwa. Wazee waliiita ingobyi. Ni kapu refu la kusuka, mtu analala ndani, limefungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wanaweka mabegani. Mgonjwa akizidiwa inapulizwa pembe, wenye zamu wanakuja mbio. Asiyetokea anatozwa pombe ya ndizi, na atachekwa mpaka mavuno. Hakuna aliyekuwa anauliza nani atambeba nani. Ilijulikana.

Halafu ikaja operesheni ya vijiji. Tukaambiwa tushuke tukakae karibu na barabara, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Sikai hapa kulaumu. Shule ilikuja huko, na mimi mwenyewe kusoma nilikujulia huko. Lakini jirani yangu wa kushoto alitoka mlima mwingine, na wa kulia alitoka mbali kabisa, anaongea Kisubi, tunasalimiana kwa Kiswahili cha kubahatisha. Machela tuliziacha kule juu, mchwa wakazila. Tulikuwa wengi kuliko zamani, na hatukuwa na wa kutubeba.

Kijiji kikaanzisha kituo cha ufundi. Banda lilikuwa moja, katikati limegawanywa kwa ukuta wa matete. Upande huu vijana wanajifunza useremala kwa fundi mmoja mwembamba mwenye penseli sikioni, hata kanisani haiondoi. Upande ule wanawake na wasichana tunajifunza kushona na kusuka kwa mama mmoja mnene, mcheshi, tulimwita Mama Msusi. Tulisikia randa zao, wao walisikia vicheko vyetu. Kuonana, labda wakati wa kunywa uji.

Kazi ya kwanza kubwa kijiji kilichoagiza ilikuwa machela. Wageni wa wilaya walikuwa waje kuona kituo, kwa hiyo kila upande ulitaka kung'ara. Mama Msusi akatusimamia tukasuka kapu, imara kabisa, mtoto aliweza kuruka ndani. Vijana wakakata miti ya mkaratusi, wakaimenya, wakaipiga randa, wakaipiga msasa, ukipitisha kiganja unadhani ni chupa. Siku ya wageni tukatoa kapu, wakatoa miti, tukafunga kwa kamba kama ilivyofungwa siku zote. Wageni wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji akatoa hotuba ndefu. Ikatundikwa ofisini.

Wa kwanza kubebwa alikuwa dada yangu mkubwa, wa tumbo moja na mimi.

Uchungu ulimwanza asubuhi na mtoto amekaa vibaya. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo ya mto. Vijana wanne wa useremala wakabeba, nami nyuma na kikapu cha nguo za mtoto. Tambarare tulikwenda vizuri, hata dada alikuwa akiongea, ananiagiza nisisahau kufungia mbuzi. Tulipoanza mteremko wa mtoni, kamba zikateleza. Mti ni laini, hauna pa kushikwa. Kapu likakimbilia mbele, dada akashuka na kichwa. Wakaweka chini, wakafunga upya. Hatua kidogo, zikateleza tena. Wakafunga, zikateleza. Mwisho waliliacha kapu, wakambeba kwa mikono, kwenye kitenge, huku wanalia.

Tulifika mtoto hayupo tena. Dada naye hakulifikia jua la jioni. Kama angepona lau tungewahi, hilo Mungu anajua. Mimi najua mteremko ulikula muda gani.

Baada ya matanga ukaitishwa mkutano. Watu walikaa pande mbili bila kuambiwa, kama vile matete yametoka bandani yakaja nasi.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti akaanza, "hatukuja hapa kulaumiana."

"Kamba zililegea," fundi akasema. "Kila mtu kaona."

Mama Msusi akasimama. "Zililegea juu ya nini? Mti wa machela unaachwa na ganda lake! Wewe mwenyewe mama yako alibebwa kwenye mti wenye ganda. Tangu lini kamba ikashika chupa?"

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza! Nipo nyuma ya matete hapo, ukikohoa nasikia."

"Na wewe siku ya kufunga hukuiona hiyo chupa? Mbona ulipiga vigelegele?"

Mama Msusi akakaa chini. Kapu lilikuwa zuri. Miti ilikuwa mizuri. Ungemtafuta mvivu mmoja katika ile kazi ukamlaani, usingempata.

Mimi nilikuwa na mimba changa, hata majirani walikuwa hawajaiona. Sijui nguvu ya kusimama ilitoka wapi mbele ya wakwe zangu.

"Mimi pia nina mimba," nikasema. "Mtanibeba kwa kitu gani?"

Nikakaa. Mama mkwe akanishika mkono, akaushikilia mpaka mkutano unaisha.

Basi ndipo wakaanza kupanga mwaka upya, na mjukuu wangu angekuwepo angejiona nyumbani. Fundi alisema sawa, wasome pamoja, ila kwanza kila mtu ajue randa na msumeno. Mama Msusi alisema kwanza kila mtu ajue kusokota kamba. Mwenyekiti, mtu wa amani, akasema basi ndugu zangu, asubuhi useremala, mchana ususi.

"Hapo tumetoa matete tukaweka saa," Mama Msusi akasema.

Watu wakacheka, na fundi naye akacheka. Nadhani kile kicheko ndicho kilichosaidia. Fundi alikaa anazungusha penseli yake, halafu akasema, na wanafunzi wakianza upya na machela yenyewe? Wote. Waende pamoja kuchagua mti msituni, wote wakate, wote wasuke, wote wafunge. Mwaka wa kwanza asiwepo seremala wala msusi, wawepo wa machela tu. Wakishaijua ndipo kila mmoja achague upande.

"Na aliyeifunga," Mama Msusi akaongeza, "alale ndani, ashushwe nayo mteremko wa mtoni."

Likapita hivyo. Matete tuliyang'oa siku ileile, tukachemshia uji.

Jamani, ule mwaka! Vijana wenye mikono kama majembe wanasuka, na wasichana hawana huruma: "Shemeji, hilo ni kapu au kiota cha kunguru?" Na wao wakituona tunavuta msumeno: "Polepole dada, mti haujakukosea kitu!" Fundi mwenyewe ilibidi ajifunze kamba. Siku moja amekaa anafunga, kamba inamponyoka, akaivuta, ikamponyoka tena. Akaiweka chini, akachukua patasi, akachimba mtini alama ya kuzunguka, si ndefu, kama shingo ya kibuyu. Akafunga hapo. Akamwita Mama Msusi avute. Mama Msusi alivuta na unene wake wote, mguu mmoja ameukanyagia mti, na kamba haikusogea. Wakainama wote wawili kuitazama ile shingo.

Siku ya kushushwa mteremko kila mtu alilala ndani kwa zamu. Fundi aliteremka amefumba macho, anasali Baba Yetu kwa sauti, watu mbavu hawana. Mimi niliomba zamu wakanikatalia kwa sababu ya tumbo. Nikatembea pembeni. Pale dada alipoanguka nilisimama, na waliobeba wakasimama bila kuambiwa, halafu wakaendelea.

Mwaka wenyewe haukuisha. Vikaja vita vya Kagera. Redio ikasema, mgambo wakaitwa, malori yakapita mchana kutwa yanaelekea Biharamulo. Walikwenda vijana wa kituo karibu wote, alikwenda mume wangu, na fundi naye. Randa yake alimwachia Mama Msusi.

"Nitunzie. Usikatie mboga."

"Rudi uichukue, basi."

Kijiji kikabaki wanawake, wazee na watoto. Na tumbo langu halikujua kuna vita.

Uchungu ulinianza nikiwa shambani, kweupe kabisa. Wakaja wanawake wanne wa kituo na Mama Msusi wa tano wa kupokezana. Mzee mmoja akatusimamisha njiani. "Wanawake kubeba machela? Hilo hatujaliona."

"Basi shika upande mmoja, baba," Mama Msusi akamwambia.

Mzee akapisha njia.

Katikati ya mteremko, si mbali na palepale, mti mmoja ukalia. Ulikuwa na ufa ndani ambao hakuna aliyeuona. Wakaniweka kwenye majani. Nilitazama juu, mawingu yanakwenda zake, nikasema moyoni, dada, kumbe ni hapa na mimi. Nilimuaga mama mkwe, hakuwepo lakini nilimuaga. Sikia sasa. Nikasikia panga. Binti mmoja, mdogo, aliyekuja kituoni kutaka kushona magauni tu, amekata mkaratusi wa kando ya njia. Hakuumenya. Akaupima kwa ule mti mzima, uliochongwa na fundi, akachimba shingo kwa ncha ya panga, jasho linamdondoka puani, wenzake wamekwisha fungua kamba wanamsubiri. Wakafunga. Akakanyaga mti, akavuta. Akavuta tena, akanitazama.

"Twende, dada," akasema.

Kamba haikusogea mpaka hospitali.

Nilizaa mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Nikampa jina la dada. Huyo ndiye mama wa mjukuu wangu.

Mume wangu alirudi. Fundi hakurudi, wala hatukuambiwa alilala wapi. Mama Msusi aliitunza ile randa ndani ya kapu lake la nguo mpaka anazeeka, kila mara anaipaka mafuta. Baadaye kijiji kilipata fundi mwingine, mtu mwema, hodari. Alisema mwaka mzima wa machela ni kupoteza muda wa vijana. Matete yakarudi.

Nilipomaliza, chai ya mjukuu wangu ilikuwa imepoa. Hili la dada alikuwa analijua kidogo tu; jina la mama yake hakujua limetoka wapi.

"Twende jikoni," nikamwambia, "utazame juu."

Miti miwili ya machela iliyonibeba siku ile iko pale juu ya mafiga, tunatundikia mahindi ya mbegu. Moshi umeitunza. Akapanda kigoda.

"Upi ni wa fundi?" nikamuuliza.

"Huu ulionyooka."

"Umepata. Sasa shika shingo zake."

Akashika ya kwanza, akashika ya pili. Akarudi ya kwanza. Alikaa juu ya kigoda muda mrefu, vidole vyake vinazunguka.

"Bibi, hapa siwezi kusema ni nani."

"Na mimi nilikuwepo, na siwezi."

Siku ya kuondoka nilimsindikiza barabarani. Aliniuliza, sasa mimi wanafunzi wangu niwalaze kwenye nini? Nikamwambia hilo sijui mama, kompyuta hailaliwi. Ndipo akacheka, mara ya kwanza tangu aje, na basi likafika.

Asubuhi ya siku hiyohiyo, akiwa bado anaoga, nilikuwa nimetazama yale makaratasi mezani. Kusoma najua. Yale maneno ya asubuhi na mchana alikuwa ameyakata kwa kalamu, mstari mmoja mnene. Chini yake alikuwa bado hajaandika kitu.