Buibui Asiyeguswa na Udongo

Mama yangu hakukubali buibui auawe. Aliyetanda utando mlangoni mwa pango akamsitiri Mtume, alisema, hapigwi ufagio. Basi pembe zote za fleti yetu hapa Silver Spring, Marekani, zilijaa tando, na mimi, ninayeshinda Arlington nikiwaogesha wazee wa watu, nikirudi nazikuta zinaning'inia juu ya sahani yangu. Zilinikera, lakini mama ni mama.

Alikuja kutibiwa moyo. Daktari akawa kila mara anamkatalia kupanda ndege, naye hakutaka jingine ila arudi Unguja, akafie kwao.

Siku moja ya baridi nilimpeleka makumbusho mjini, angalau abadili hewa. Vito hakuvitazama. Alisimama mbele ya kipande cha kaharabu chenye rangi ya asali, ndani yake buibui mdogo, miguu yake yote imetimia. Nilimsomea maelezo: utomvu wa mti ulimfunika, ukaganda, akabaki vile vile mamilioni ya miaka. Nilidhani atafurahi kumwona rafiki yake.

"Maskini," alisema. "Muda wote huo, na udongo haujamgusa."

Nilimtania kwamba buibui hazikwi. Hakucheka. Kwenye treni, tukirudi, alinishika mkono.

"Nikifa huku, mwanangu, nilaze kwenye udongo. Usinitie ndani ya kitu."

Nilimwambia aache maneno hayo, tutasafiri daktari akikubali.

Alifariki daktari hajakubali. Kwetu maiti hacheleweshwi, na watu wa msikitini walipata kaburi siku ile ile. Niliposhuka kumpokea, nyayo zangu zilikanyaga zege. Chini zege, pembeni zege, na mfuniko wa zege ukisubiri juu. Kwetu huchimbwa mwanandani, ubavuni mwa kaburi, maiti akalala ardhini. Msimamizi alisema ndiyo kanuni ya makaburi yale, ili ardhi isititie. Nilitamani kumpiga.

Niliomba udongo. Walinipa bonge lililoganda kwa baridi, nikalifinyanga mikononi mpaka likalainika. Nikafunua sanda, nikalilaza shavu la mama juu yake.

Kisha nikapanda, mfuniko ukashushwa. Udongo tuliomtupia ulisikika ukigonga zege.